Uzito wa Picha

Otia, dereva wa maziwa, hakunilaumu.
Alikung'uta theluji viatuni, akasema:
"Taarifa yako ya barabara, Tsiuri, ni kama mgeni wa heshima.
Hufika baada ya sahani kuondolewa."

Nikacheka. Nikamuuliza, huchukua muda gani?
Akakunja kiganja kana kwamba ameshika simu yake,
ile yenye kioo kilichopasuka kama barafu ya Machi,
akaanza kuhesabu kwa sauti.
Alipofika thelathini na moja
nilikuwa nimeshamimina chai ya watu wote ofisini.

"Hapo ndipo ncha ya mlima huanza kuonekana.
Neno, bado.
Basi naitia mfukoni, nawasha gari,
na Mungu yupo."

Usiku huo, Zugdidi imelala,
niliivua taarifa yangu nguo moja moja.
Maua ya pembeni, yaliyonila wiki nzima: toka.
Herufi za madaha zenye mikia ya jogoo: tokeni,
zikaja nyingine, pana, zimesimama wima
kama watu kwenye foleni ya mkate.
Nembo ya idara. Nembo ya mfadhili.
Nembo ya tatu, sijui hata ni ya nani.
Salamu za mkurugenzi, aya nne:
nilizisoma kwa mara ya kwanza tangu nianze kuzituma,
nikazifuta,
na hadi leo hajauliza.

Nikapima. Sekunde ishirini na mbili.
Kitu kizito kilikuwa bado kimekaa mlangoni.

Nilikijua. Tangu jioni nilikuwa nakizunguka
kama mtu anayefagia kando ya kitanda cha mgonjwa.

Picha ya Jokia.

Vilele viwili, alfajiri, waridi juu na buluu chini.
Kaka yangu aliipiga akiwa amelala kifudifudi
juu ya paa la zizi la shangazi,
siku kumi na moja kabla ya theluji kumfunika
pale Daraja la Tatu,
enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kuandika "rudi".
Ndiyo maana niliiomba kazi hii.
Miaka sita nimeiweka juu kabisa, kubwa, nzima,
ili watu wa bondeni na wa mlimani
waamke naye kwanza.

Kumbe hawakumwona.
Waliona weupe mtupu
na kiduara kikizunguka, kikizunguka,
wakaondoka
kuifuata barabara ileile.

Mzigo wa mwenzio kwako kanda la usufi.
Nami wa kwangu niliwatwika wao,
kila asubuhi,
bila kuwauliza.

Nikaipunguza nusu. Nikasita.
Nusu ya nusu: theluji ikawa unga.
Mwishowe nikaikata hadi upana wa kidole gumba,
kilele kimoja tu,
nikaishusha chini kabisa, baada ya kila kitu,
pale afikapo mwenye nafasi.
Juu, penye nafasi nyeupe ya kupumua,
nikaandika:

DARAJA LA TATU LIMEFUNGWA.
Theluji imeporomoka. Usitoke.

Sekunde mbili.

Nililia kidogo, sitaficha,
kisha nikatuma.

Saa moja kasoro asubuhi Otia akapiga.
"Nimesoma kabla sijafunga kamba za viatu.
Kiatu kimoja bado kiko mkononi."
Akanyamaza. Nikadhani mawasiliano yamekatika.
"Halafu, kwa kuwa sina pa kwenda leo,
nikashuka hadi chini.
Kile kilele, Tsiuri.
Si cha Jokia kile?"

Sikujibu upesi.
Nyuma yake nilisikia madumu yakifunguliwa, moja, la pili,
na mkewe akiuliza
jibini lote hilo
watalila na nani.